Maji Ndani ya Tangi

Baridi ya Johannesburg ilipokaza, niliegesha pikipiki barazani kwetu Malvern, nikaifunika kwa turubai, nikawa naenda kazini kwa teksi. Joto liliporudi niliipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Haikuwaka.

Petroli ikikaa sana huharibika, hilo nalijua, kwa hiyo nikafungua kabureta. Ndani mlikuwa na utando wa kahawia unaonata kama gundi, na chini yake matone ya maji. Maji! Nikafoka. Nikamlaani muuza petroli, nikalilaani turubai, nikamlaani hata mwenye nyumba, ambaye hajawahi kuigusa pikipiki yangu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alisubiri nimalize.

"Baba watoto," akasema, "ni maji ya maombi, yale ya kanisani kule mjini. Nilitia kidogo kwenye tangi siku ulipoiegesha. Ulikuwa umeanguka pale kwenye robot."

Nilifungua mdomo nimgombeze, nikaikumbuka siku ile. Niliteleza taa za barabarani, robot kama zinavyoitwa huku, zikibadilika, nikarudi nyumbani goti linavuja damu, nikajitia kucheka. Yeye hakucheka.

Nikamwaga tangi lote, nikasugua kabureta, nikatia petroli mpya. Pikipiki ikakohoa, ikawaka. Nilipochukua helmeti nikamwona mke wangu ameikumbatia chupa ya yale maji ya maombi, hajui aipeleke wapi.

Nikainamisha kichwa mbele yake.

"Mimina hapa," nikamwambia. "Hapa hakuna kabureta."