Lile Neno la Phelesia

Trizah Akeyo alipofika chuo cha ualimu, wenzake walimcheka kwa sababu ya neno shamba. Alikuwa amelitamka tangu utotoni huko Kisegi bila kujua kwamba kinywani mwake lilikuwa "samba." Hakulia. Alinunua kioo kidogo, akawa anajifungia na kujifunza: ulimi urudi nyuma kidogo, midomo ichongoke, pumzi ipite taratibu. Ilimchukua muhula mzima, na tangu hapo hakuna aliyemcheka tena.

Miaka ikapita. Akawa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili Rangwe, na alipojiunga na masomo ya uzamili hakuhangaika kutafuta mada. Dholuo, lugha ya kwao, haina sh wala z. Alitaka kujua wazungumzaji wake wanazitamkaje sauti hizo wanapotumia Kiswahili, na zaidi ya hapo, wanazisikiaje. Msimamizi wake, Daktari Nyangau, alikubali kwa sharti moja ambalo alilirudia mpaka likamkera Trizah: sauti ya mtu ni mali ya mtu huyo. Isitoke mikononi mwako bila ruhusa yake.

Likizo ya Agosti alikwenda Migori, sehemu za chini za Mto Kuja, ambako watu huchimba mchanga wa kujengea. Kanisa moja lilimpa chumba cha nyuma. Akatundika mikeka na mablanketi ukutani ili kelele za malori zisiingie, akaweka kinasa sauti mezani, akaanza kuwaita watu.

Roselyn, mwenyeji wake, ndiye aliyemweleza habari za Phelesia. Alikuwa mjane aliyewapikia wachimbaji chai na nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Mwezi wa nne ukingo wa mto ulikuwa umemporomokea mwanawe Maxwell, akafia mchangani. Mtu aliyekuwa naye, Mogire, kijana kutoka Kisii aliyekuwa mgeni pale, sasa yuko rumande kwa kosa la mauaji.

"Walikuwa wamegombana juzi yake," Roselyn alisema. "Na maiti ilikuwa na jeraha la sepetu begani. Usimguse huyo mama, mwalimu. Kesi inakaribia."

Lakini Phelesia alikuja mwenyewe. Alikaa kitini wima, kitambaa cheupe kichwani, akasema na yeye anataka kurekodiwa kama wenzake.

Kazi ilianza vizuri. Trizah alimtajia maneno, naye akayarudia: sahani, shoka, zawadi, samaki. Yote yalitoka kwa s ileile, safi na kali. Kisha likaja zoezi la kusikiliza. Trizah alimchezea maneno mawili mawili, naye aseme kama ni sawa au ni tofauti.

"Shika. Zika," kikasema kinasa sauti.

"Hilo ni neno moja," Phelesia alijibu bila kusita. "Amelisema mara mbili."

Mwisho kulikuwa na sehemu ya masimulizi. Kila mtu aliulizwa swali moja: nisimulie kwa Kiswahili siku usiyoweza kuisahau. Trizah alipofika hapo alitaka kuliruka. Phelesia akamwashiria aache kifaa kiendelee.

"Nilisikia ukingo ukianguka," alianza. "Nikaacha sufuria, nikakimbia. Mtoto wangu alikuwa ndani, kichwa na mkono tu ndio naona. Mogire alikuwa hapo juu yake. Anatupa mchanga na sepetu, anamsika. Anatupa, anamsika. Mimi napiga nduru."

Trizah alilisikia neno hilo kwa namna moja tu. Anamzika. Mama alikuwa anaeleza jinsi alivyomwona mwanawe akizikwa hai, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Alimsika kwa mkono," Phelesia akaendelea, "akamsika mpaka kidole chake kikavunjika. Halafu ukingo ukaanguka tena."

Hapo Trizah aliinua kichwa. Hakuna mtu anayevunjika kidole kwa kuzika. Alikizima kinasa sauti, akauliza kwa Dholuo, polepole, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua kama utambeba.

"Mama, ne omake koso ne oyike?" Alimshika au alimzika?

"Ne omake," Phelesia alijibu akishangaa. Alimshika.

"Sasa nani alimzika?" Trizah aliuliza.

Kuanzia hapo waliongea Dholuo. Phelesia alisema yeye alimkuta Mogire amemshika mwanawe, na huo ndio ukweli aliowaambia polisi. Lakini shemeji yake Odhiambo, aliyefuatilia kesi kwa niaba ya ukoo, alirudi kutoka kituoni na habari kwamba kuna shahidi aliyemwona Mogire akizika. Basi akaelewa kwamba uovu ulitendeka kabla yeye hajafika, na kwamba kule kushika kulikuwa maigizo ya muuaji aliyeona watu wanakuja. Tangu siku hiyo alimchukia Mogire kwa moyo wote.

"Shahidi huyo ni nani?" Trizah aliuliza.

"Sikuambiwa."

"Wewe uliandikisha taarifa kwa lugha gani?"

"Kiswahili. Afisa alikuwa mtu wa Pwani, hajui yetu. Alinisomea baadaye, nikasikia ni maneno yangu, nikaweka dole gumba."

Trizah alijua akisema jambo hili halitarudi tena kinywani. Alisogeza kiti, akauchukua mkono wa mama yule, akaviweka vidole vyake kooni pake mwenyewe.

"Usisikilize kwa masikio. Sikiliza kwa vidole." Akatamka s ndefu, kisha z ndefu.

Vidole vya Phelesia vilishtuka. "Hii inatetemeka. Ile ya kwanza haikutetemeka."

"Hiyo inayotetemeka ndiyo ya kuzika. Sasa angalia midomo yangu. Hii ya midomo iliyochongoka ndiyo ya kushika. Ni maneno mawili, mama. Lakini sisi tukiyasema yote yanatoka 'sika,' na yule afisa ilimbidi achague moja. Alikuwa na sepetu mbele yake, na jeraha, na ugomvi. Nadhani aliandika kuzika."

Phelesia aliuondoa mkono wake taratibu. Nje lori lilipiga honi.

"Unadhani?"

"Nadhani. Sijaiona taarifa."

"Kwa hiyo shahidi ni mimi."

Phelesia alisimama, uso umemkauka. "Toka," alisema, ingawa chumba kilikuwa cha Trizah. "Miezi yote hii nimelala na mtu mmoja wa kumchukia. Unataka nibaki na nani? Na mto?" Akachukua mkoba wake, akatoka yeye.

Siku zilizofuata Trizah hakula vizuri. Alimpigia Daktari Nyangau simu. Jibu lilikuwa lilelile: bila ruhusa ya mama, rekodi haiendi kwa wakili wala kwa polisi.

"Na mtu akifungwa maisha?"

"Nenda kwa mama, Trizah. Usimpite."

Alikwenda. Alimkuta Odhiambo mlangoni, mtu mzima mwenye sauti ya chini, amevaa kofia ya marehemu kaka yake. Hakumkaribisha.

"Wewe ndiye mwalimu wa matamshi," alisema. "Shemeji yangu ameanza kuniuliza maswali. Eti shahidi ni nani, eti afisa aliandika nini. Nimemlea Maxwell tangu baba yake afariki. Nilimtoa mchangani kwa mikono hii. Wewe ulikuwa wapi?"

"Sikuwepo, baba."

"Basi kaa huko ulikokuwa. Kuna vijana hapa wana hasira kuliko mimi, na siwezi kuwazuia wote." Hakupandisha sauti. Ndiyo maana Trizah alirudi kwa Roselyn akitazama nyuma kila hatua, na kesho yake akafunga virago kwenda Rangwe.

Shule zilikuwa zimefunguliwa Phelesia alipotokea pale shuleni, wakati wa mapumziko, vumbi limemjaa hadi magotini. Trizah alimwingiza katika darasa lililokuwa tupu.

"Kesi ni Jumatano," Phelesia alisema. "Odhiambo amenifunza. Niseme Kiswahili, vile nilisema kwa polisi, neno kwa neno. Nikisema hivyo nitakuwa sijasema uongo, ama?"

"Hutakuwa umesema uongo. Lakini watasikia uongo."

"Nikigeuza, watasema nimehongwa na watu wa Kisii. Nitaishi wapi?"

"Sijui, mama. Rekodi yako iko kwangu. Ukisema niifute, nitaifuta leo, na sitafungua mdomo. Ukitaka kusema, huhitaji rekodi. Omba tu uzungumze Dholuo. Ni haki yako, hakuna anayeweza kukunyima."

Phelesia alitazama ubao kwa muda mrefu, kisha akaondoka bila kusema ameamua nini.

Jumatano hiyo Trizah aliomba ruhusa, akaenda Migori, akaketi benchi la nyuma mahakamani. Upande mmoja walijaa watu wa Odhiambo. Upande wa pili mzee mmoja wa Kisii, baba yake Mogire, alikuwa peke yake na kofia magotini. Mogire mwenyewe alisimama kizimbani, amekonda, kidole kimoja cha mkono wa kulia kimepona vibaya, kimepinda.

Phelesia aliitwa. Akaapa. Karani akauliza atazungumza lugha gani.

"Anajua Kiswahili vizuri," kiongozi wa mashtaka alisema akipekua faili. "Taarifa yake ni ya Kiswahili."

Jaji alimgeukia shahidi. "Mama?"

Phelesia alimtazama Odhiambo. Odhiambo alitikisa kichwa kidogo sana, mara moja, kumkataza. Chumba kilitulia hata Trizah akasikia feni ikikwaruza darini. Karani akawa amefungua mdomo kurudia swali.

"Dholuo," Phelesia alisema.

Minong'ono ilipanda, jaji akagonga meza. Mkalimani akasogea. Phelesia alieleza ukingo, sufuria, nduru. Alipofika kwa Mogire alitumia neno mako, na mkalimani akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alikuwa amemshika mkono, akijaribu kumvuta."

Kiongozi wa mashtaka aliacha kupekua. "Mama, uliwaambia polisi kwamba ulimwona akimzika. Nakusomea: 'Nilimwona Mogire akimzika kwa mchanga.' Leo unabadilisha. Nani ameongea na wewe?"

Mkalimani alianza kutafsiri, lakini Phelesia hakumsubiri amalize. Alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili, akimtazama jaji. "Mimi sina hiyo sauti. Nikisema sika ya mkono, inakuja sika. Nikisema sika ya kaburi, inakuja sika. Niliseme lile neno mara mia, utasikia hivyo tu. Nimejua kutumia Kiswahili nikiwa mkubwa." Akarudi kwenye Dholuo: "Niulizeni kwa lugha niliyozaliwa nayo. Alimshika. Ile sepetu iliyomkata begani ilikuwa inamfukua."

Mtu akapiga kelele upande wa Odhiambo. Askari wakamtoa. Odhiambo mwenyewe hakusema neno. Alikuwa ameinama, kofia ya kaka yake imemziba macho.

Kesi haikuisha siku hiyo. Afisa aliyeandika taarifa aliitwa, akakubali, bila kujitetea sana, kwamba huenda alisikia vibaya. Daktari alisema jeraha la bega lisingeweza kuua. Baada ya wiki kadhaa upande wa mashtaka uliondoa kesi. Trizah hakuombwa kutoa chochote, na alipomuuliza Phelesia kuhusu rekodi, alijibiwa aifute. Aliifuta. Tasnifu yake ilipungukiwa na mzungumzaji mmoja.

Siku Mogire alipoachiliwa, Phelesia alimwomba Trizah amsindikize mahakamani. Odhiambo alikuwa bado hamsalimii. Mama yule alikuwa amehamia kwa dada yake huko Kosele kwa muda, mpaka mambo yatulie.

Walimkuta Mogire nje, karibu na lango, baba yake akimfungia mfuko. Alipomwona Phelesia alirudi nyuma hatua moja.

"Sikuja kwa ubaya," Phelesia alisema kwa Kiswahili chake. "Wewe ndiye ulikuwa naye akifa. Alisema kitu?"

"Alisema, mama. Lakini kwa lugha yenu, na mimi siijui. Nimeyarudia kila siku nisiyapoteze. Sikumuuliza mtu maana yake. Kule ndani wengi ni watu wenu, na niliogopa. Nilifikiri labda alikuwa ananilaani."

"Sema."

Mogire alifumba macho, akatamka polepole kama mtoto anayesoma: "Nyisi minwa."

Ile i ya mwisho kwenye nyisi haikuwa ya Dholuo. Ilikuwa ya Mogire, ya lugha ya mama yake, ambayo haipendi neno liishie kwa konsonanti. Trizah alilisikia, akamtazama Phelesia kama amelielewa. Phelesia alikuwa ameshika nguzo ya lango.

"Si laana," Trizah alimwambia kijana. "Amesema, mwambie mama yangu."

"Aniambie nini?" Phelesia aliuliza.

"Mchanga ulikuja hapo hapo," Mogire alisema. "Hakumaliza."

Baba yake Mogire alivua kofia. Watu walikuwa wakipita kuingia na kutoka, mmoja akawaomba wasogee kidogo wapishe gari. Wakasogea ukutani, wote wanne.

"Sema tena," Phelesia alimwambia. "Vile alisema. Na haraka yake."

Mogire akasema tena.