Siku Nilipomshikisha Mjomba Taa

Nilitaka aone haya. Sikuwa natafuta amani nyumbani wala haki ya mtu yeyote. Nilitaka mjomba wangu aone haya mbele ya watu walewale aliowachekesha juu yangu, na mimi niwe karibu, nimwangalie usoni wakati haya inamwingia.

Mjomba ni mdogo wake mama. Anaishi kwetu hapa Rumonge, kwenye chumba cha uani, na ndiye anayeendesha gari ya baba kwenda Bujumbura na kurudi. Anabeba abiria, vikapu vya ndagala, wale dagaa wa ziwani, na madumu ya mafuta ya mawese. Ni mtu wa maneno. Akikaa mahali watu wanamsogelea. Mimi sina maneno. Shuleni mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, nasimama, mate yananikauka, nakaa tena. Mjomba alinipa jina la Kabubu tangu niko mdogo, na wadogo zangu wamelirithi.

Gari ilianza kuugua kiangazi. Nyuma ya dashibodi, upande wa abiria, kitu kilikuwa kinalia taka-taka-taka, kama mtu anayegonga kucha mezani akiwa amekasirika. Ukiwasha klima upate baridi, unatoka upepo wa moto. Sasa fikiria barabara ya ziwani mchana, watu wamebanana, ndagala zinanuka, halafu gari inawapulizia moto kwenye magoti. Abiria wakaanza kuikwepa.

Ijumaa moja baada ya alasiri baba alikuwa barazani na rafiki zake, wazee wa mtaa wetu, wanakunywa kahawa ya tangawizi. Mimi ndiye niliyeshika sinia. Mmoja wao, mzee anayeuza vitenge sokoni, akasema gari yetu imekuwa tanuri ya mkate. Kabla baba hajajibu, mjomba akadakia.

"Ni huyu hapa, Kabubu! Jioni anajifungia mule ndani, anabonyeza kila kitu. Mutoto wa kike ukimuachia mashini, yeye anataka kupikia."

Wazee walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ni kweli jioni nilikuwa nakaa ndani ya gari, kwa sababu ya kelele za nyumbani. Wadogo zangu hawajui maana ya mtu kusoma. Niliwasha taa ya juu tu. Sikuwahi kugusa kitu kingine.

"Umegusa?" baba akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Sema."

Sikusema. Baba akachukua kimya changu kuwa jibu, akasema mbele yao wote: "Basi mambo ya teknike tuyaache. Wewe utakwenda pedagojia, utafundisha watoto."

Nilikuwa namaliza darasa la tisa. Baba alikuwa ameshakubali nikasome umeme, seksio ya teknike, baada ya mimi kumwomba kwa muda mrefu, tena kwa karatasi kwa sababu mdomo ulikataa. Na sasa, kwa sababu ya mzaha wa mtu mmoja, nilipangiwa kusimama mbele ya darasa maisha yangu yote, mimi ambaye siwezi kusimama mbele ya sinia la kahawa. Mjomba alijua nilivyoitaka teknike. Alikunywa kahawa yake, akaomba nyingine, nikammiminia.

Baba alikwenda Bujumbura kwa fundi. Fundi alisikiliza tu ile kelele, hakufungua kitu, akamwambia ugonjwa uko kwenye kimoteri kidogo kinachosukuma kilango cha hewa: kikisukuma huku unapata moto, kikisukuma kule unapata baridi. Baba akarudi na kimoteri kingine, cha kutoka kwenye gari kuukuu. Mjomba akasema hakuna haja ya kumwita mtu, atakifunga mwenyewe hapa nyumbani. "Ni kazi ya dakika, shemeji."

Dakika haikufika. Mara mgongo unamuuma, mara jua kali, mara turunevisi, zile bisibisi zake, hazionekani. Kile kimoteri kilikaa juu ya kabati ndani ya mfuko wake. Nikaanza kujiuliza. Mjomba akibadilisha tairi tu anataka mtaa wote umtazame. Kwa nini kazi hii anaikimbia?

Siku moja alipolala mchana, nikachukua ufunguo kwenye msumari. Nilikuwa nimeshatazama video kwenye simu ya mama, watu wa mbali wakifungua gari kama yetu, bila sauti nisisikike. Kisanduku cha mbele ya abiria, kile cha kuwekea makaratasi, unakibana ubavuni kwa mikono miwili, kinashuka chenyewe. Nikalala chali miguuni pa kiti, kichwa ndani, nikamulika kwa simu hiyo.

Kimoteri kilikuwa pale, kikubwa kama kipande cha sabuni. Kilikuwa chekundu chote. Nikagusa, nikanusa. Mawese. Mawese ya zamani, mazito kama gundi, yameshika mchanga na sisimizi waliokufa. Na skrubu zake zilikuwa na mikwaruzo mipya.

Ndipo nikakumbuka. Kabla ya ile taka-taka, gari ilikuwa inalia kidogo tu, kama panya. Mjomba alishinda jioni nzima kichwa chake kiko mule mule, na mama alikuwa anatafuta chupa yake ndogo ya mawese jikoni. Alikifungua yeye. Alikipaka yeye. Kilipoharibika akatafuta mtu ambaye hawezi kujibu, na mtu huyo alikuwa amesimama hapo hapo na sinia.

Ningeweza kumwita baba peke yake. Angeinama, angeona, na mambo yangeishia chumbani kwa minong'ono, kama mambo ya wakubwa yanavyoishia. Sikutaka minong'ono. Aliniua kwenye kahawa, naye nilimtaka kwenye kahawa. Nikarudisha kisanduku kama kilivyokuwa, nikarudisha ufunguo, nikaanza kungoja Ijumaa. Kila nilipokwenda ziwani kuosha vyombo nilikuwa najifunza sentensi moja, naisema kwa sufuria. Ilikuwa tamu mdomoni. Sijawahi kungoja sikukuu vile nilivyoingoja Ijumaa ile.

Ikafika. Wazee walewale, mkeka uleule. Mjomba alikuwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, anasimulia jambo. Nikaweka sinia chini.

"Baba, leo nifunge mimi ile piesi iliyo juu ya kabati."

Mzee wa vitenge akageuka. "Eh! Kumbe anasema!"

"Afunge nini?" mjomba akasema. "Anataka kumalizia kuiua gari?"

"Unajua kufunga?" baba akauliza.

"Najua. Lakini mjomba anishikie taa."

"Mimi iko na kanzu, sha. Siku ingine."

"Si ulisema kazi ya dakika?" mzee wa vitenge akamwambia. "Dakika moja kanzu haichafuki. Nenda, muganga wa magari!"

Wakacheka, na baba akamwonyesha gari kwa kidevu. Mjomba akainuka.

Kwanza nikatoa waya wa batri. Halafu nikashusha kisanduku, nikaingia chini. Mjomba akapiga magoti mlangoni, kanzu ameikunja mapajani, simu mkononi. Mara tu alipoona najua nakwenda wapi, akainama mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mwanangu," akanong'ona. Hakuwahi kuniita mwanangu. "Iache. Sema haiwezekani. Nitakununulia simu yako mwenyewe."

"Shika taa vizuri, mjomba," nikasema kwa sauti.

Skrubu mbili zilitoka vizuri. Ya tatu iko nyuma, inataka turunevisi fupi, na unaitafuta kwa vidole. Mjomba akaanza kumulika kwingine makusudi, mara kwenye kiti, mara kwenye paja langu.

"Taa, mjomba!"

"Huyo mushika taa naye anataka kufundishwa?" sauti ikauliza kutoka barazani. Mwanga ukarudi mahali pake. Hapo chini nilicheka peke yangu, vumbi linaniingia mdomoni.

Kimoteri kikang'oka. Nikatoka nacho, nikakiweka katikati ya sinia, pamoja na vikombe. Wazee wakasogea.

"Hii nyekundu ni nini?" mmoja akauliza.

Mzee wa vitenge akakinusa. "Wallahi ni mawese."

Niliinua macho nione uso wa mjomba. Huu ndio ulikuwa wakati wangu. Lakini mjomba si mtu wa kushikwa haraka. Alikung'uta kanzu, akatabasamu.

"Ndiyo, mawese. Mimi nilipaka, nani amekataa? Kilikuwa kinalia. Hapa kwetu nani hapaki mawese?"

Na wale wazee wakamwunga mkono! Mmoja akasema mnyororo wa baiskeli yake haujui mafuta mengine. Mwingine akasema bawaba za milango yake yote ni mawese tangu anajenga. Wa tatu akaongeza kwamba hata mashini yake ya kushonea inakula mawese na haijawahi kulalamika.

"Mmesikia?" mjomba akasema. "Mafuta haiharibu kitu. Ni vidole vya huyu Kabubu."

Niliona kila kitu kinaniponyoka. Baba alikuwa anaangalia chini. Teknike ilikuwa inaondoka kwa mara ya pili, palepale, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Mama akatokea na birika la pili, hajui tunazungumza nini, na nikamwona yeye tu.

"Mama, asubuhi chupa ya mawese unaiweka wapi?"

"Juani. Wapi tena?" akasema, anamimina. "Si inakuwa imeganda, haitoki."

Hakuna mtu wa Rumonge asiyejua hilo. Kila mmoja pale amewahi kupiga kitako cha chupa ile asubuhi. Nikasema haraka, kabla mdomo haujakataa: "Na kimoteri kinakaa palepale baridi ya klima inapopita."

Kisha yule wa baiskeli akasema polepole, "Ni kweli, baiskeli yangu haina klima." Kicheko kikalipuka, na kwa mara ya kwanza hakikuwa cha kunicheka mimi.

Sikuishia hapo. Nikaingiza ncha ya turunevisi, nikafungua kile kimoteri kama ganda la kunde. Ndani vigurudumu vimelala kwenye kitu chekundu kizito, kimoja hakina meno upande mmoja mzima. "Ukiwasha baridi, mawese yanaganda. Moteri inasukuma, kilango hakiendi. Inasukuma tena mpaka meno yanakatika. Taka-taka ndiyo hiyo. Kilango kimebaki kwenye moto." Sijawahi kusema maneno mengi vile mbele ya watu.

Mama aliacha kumimina. Alimwangalia ndugu yake, kisha mimi.

Baba hakuuliza habari ya mawese. "Ulijua umekifungua wewe," akamwambia mjomba. "Ukasema ni mutoto."

"Shemeji, ilikuwa mzaha..."

"Mzaha ulinifanya nimwondoe mwanangu kwenye masomo yake."

Mjomba akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta neno, yeye, kiwanda cha maneno, na halikuja. Shingo yake iliiva mpaka nyuma ya masikio. Niliangalia vizuri, sikuruka hata kipande. Halafu nikamwambia, "Mjomba, taa. Bado kufunga."

Akapiga magoti tena.

Kufunga ni kugumu kuliko kufungua, kwa sababu lazima kijiti cha kimoteri kikutane sawasawa na mkono wa kilango. Nilikizungusha kilango kwa kidole mpaka kikaingia, nikarudisha skrubu, nikaanza na ile ya nyuma, nikachomeka waya, nikarudisha batri. Baba mwenyewe akawasha gari. Nyuma ya dashibodi kukasikika vuuu, kikanyamaza, vuuu nyingine ya kurudi: kimoteri cha pili kinajipima, kinatafuta mwanzo na mwisho wake. Taka-taka hakuna. Baba akasukuma klima kwenye baridi.

"Weka mkono, mjomba," nikasema.

Akaweka.

"Iko baridi?"

"Iko baridi," akasema. Kanzu yake kwenye magoti ilikuwa na alama mbili nyekundu za vumbi la uani kwetu, na mzee wa vitenge alikuwa ameshaanza kumwita Fundi Mawese. Jina hilo limeshika. Juzi nimelisikia stendi.

Jioni mama aliniita jikoni. Hakupandisha sauti.

"Umenichukua mimi ukampiga nami ndugu yangu. Ungeniambia kwanza."

"Ningekuambia, ungemwambia."

Alikoroga mchuzi. "Ningemwambia," akasema.

Najua nilimwumiza, na hilo si sehemu niliyoingojea kwa hamu. Kwa mjomba lakini sijuti. Kama kuna siku nitajuta, haijafika.

Tulipokaa kula baba alisema, huku anamega ugali, kwamba nitakwenda teknike, umeme, na kwamba mjomba atanipeleka mwenyewe kuandikishwa, kwa gari ileile, na njiani hataniita jina lingine ila langu. Mjomba akasema ndiyo bila kuinua kichwa. Mama aligawa mukeke, samaki wa ziwa letu, akaniwekea mkia, kipande kidogo kuliko vyote sahanini. Nilikila mpaka mifupa, na nilikila polepole, nikimwangalia mjomba.