Shukrani za Marcella Mbele ya Kamati

Nimeandika kumbukumbu za mikutano ya chuo chetu hapa Embu kwa miaka kumi na minne, na sijawahi kumkasirikia mtu aliyesimama mbele ya kamati kama nilivyomkasirikia Marcella. Marcella ni rafiki yangu. Ndiyo maana hasira yenyewe haijaisha.

Alizaliwa Kanyakine, kwa wakulima wa ndizi na kahawa, mtoto wa tano kati ya saba. Katika shule ya bweni aliyosomea kulikuwa na mchezo mmoja uliopewa heshima, nao ni hoki, mpira wa magongo. Marcella alicheza beki miaka minne, na anasema hiyo ndiyo miaka pekee aliyowahi kupigiwa makofi. Kidato cha nne kilipoisha, gongo lilirudi stoo ya shule na yeye akaolewa Kibugu, akachuma majani chai hadi vidole vikawa vyeusi. Baadaye alipata kazi ya usafi hapa chuoni, kisha wakamhamishia stoo ya vifaa vya michezo. Desemba hii anastaafu.

Stoo hiyo ndiyo iliyomrudishia hoki. Miaka tisa iliyopita aliwakuta wasichana wanne nyuma ya ukumbi wakipiga mpira wa tenisi kwa magongo waliyokuja nayo kutoka kwao. Walikuwa wamecheza sekondari kama yeye. Walipofika chuoni walikuta timu ya hoki ya wanaume, yenye jezi, basi na daktari, na ya wanawake hakuna. Marcella aliwatafutia magongo yaliyovunjika ambayo wanaume walikuwa wameyatupa, akayaunga kwa gundi na kuyakaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Alikata magodoro ya zamani ya bweni, akawashonea kipa na wenzake kinga za miguu. Tangu hapo, kila asubuhi saa kumi na mbili, wanaume wakiwa bado wanakoroma, wasichana wake wako uwanjani. Sasa wamefika ishirini na wawili.

Lakini kundi si timu. Bila chuo kuwatambua hawawezi kuingia ligi ya vyuo vikuu, na wakiumia zahanati haiwahesabu kuwa wachezaji. Kaari, nahodha wao, msichana wa Siakago mwenye mbio za ajabu, amecheza miaka mitatu bila kukutana na mpinzani hata mmoja. Wanagawana nusu kwa nusu, wanafungana mabao wenyewe kwa wenyewe, halafu wanaenda darasani.

Mwaka jana mpira ulimpiga mmoja wao, Wambura, mdomoni. Meno mawili ya mbele yakatoka. Wiki hiyo hiyo mchezaji wa timu ya wanaume alikuwa ameteguka kidole, na gari la chuo likampeleka hospitali. Wambura alienda kwa pikipiki, leso yangu mdomoni, Marcella akiwa amemshika kwa nyuma asianguke. Zahanati iliandika kwamba aliumia akiwa katika shughuli zake binafsi. Tangu siku hiyo Wambura huziba mdomo kwa kiganja akiongea, na alikuwa msichana wa kucheka.

Marcella aliandika barua. Ya kwanza ilinyamaziwa, ya pili ikapotea, ya tatu ikajibiwa: aje mbele ya kamati ya michezo, atapewa dakika kumi aeleze kwa nini chuo kianzishe timu ya hoki ya wanawake. Kamati hiyo hukaa mara moja kwa mwaka. Akiikosa nafasi hii anastaafu, na hakuna mfanyakazi mwingine hapa chuoni anayejua hata sheria za mchezo wenyewe. Sote wawili tulijua hivyo.

Kwa hivyo tulifanya mazoezi ofisini kwangu, saa ya chakula, mlango umefungwa.

"Anza na meno ya Wambura," nilimwambia. "Usisalimie sana, usishukuru mtu. Sema meno, sema zahanati, sema ligi, ukae chini."

"Mama Muthomi, unataka niingie kwa watu kama ng'ombe?"

"Ndiyo. Ingia kama ng'ombe."

Alicheka, lakini akajaribu. Mara ya tatu alisema vizuri mpaka mimi mwenyewe machozi yakanilengalenga. Nilirudi kwenye kazi yangu nikijua timu tunayo.

Alhamisi ya kikao ikafika. Marcella alikuja na kitambaa cha kichwa kipya na gongo moja alilolitengeneza kwa mikono yake. Kabla hajafungua mdomo, Kithinji, wakili wa chuo, akauliza, "Hoki gani hii, ni ile ya barafu? Nikiwa Canada nilikuwa naona wasichana wakicheza. Sasa hapa barafu tutatoa wapi, tupande Mlima Kenya?"

Wakacheka wote. Marcella naye akacheka, na hapo nikaanza kuogopa, kwa sababu nilimwona anastarehe. Alijisikia yuko kwa watu wake.

Yeyote aliyelelewa katika makanisa yetu anajua jinsi mtu anavyosimama kutoa ushuhuda. Huanzi na shida. Unasalimia, unamshukuru Mungu, unawashukuru waliokusaidia, unaeleza umetolewa wapi na kufikishwa wapi. Shida inakuja mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, kama ombi, na ukitaja kabla ya hapo watu wanakuona huna shukrani. Marcella amesimama hivyo tangu akiwa na miaka kumi na mbili. Miguu yake haijui kusimama kwa namna nyingine.

"Bwana asifiwe," alisema. "Mimi naitwa Marcella, niko stoo ya games. Kwanza nashukuru kamati kwa kunipatia hii nafasi. Pia nashukuru chuo, kwa sababu miaka tisa tumecheza kwa hiyo field na hakuna mtu ametufukuza."

Niliangalia saa ya ukutani. Aliwashukuru watu wa bustani kwa kukata nyasi. Aliwashukuru wanaume wa hoki kwa magongo yao mabovu, akainua lile gongo waone alivyoliunga. Profesa Ndambiri, mwenyekiti, alilipokea, akaligeuzageuza, akampa jirani yake. Lilizunguka meza nzima. Wakamsifu. Nilikohoa mara mbili. Alinitazama akatabasamu, akaendelea na magodoro.

"Kwa hivyo, Madam, mnaendelea vizuri?" Profesa aliuliza. Na namtetea hapa: aliuliza kwa nia safi.

Hilo ndilo lililokuwa lango. Angeweza kusema hapana. Neno moja tu.

"Tunaendelea, Profesa. Kwa neema tu, tuko sawa."

"Vizuri sana. Dakika zetu zimeisha."

"Kulikuwa na kaneno kengine kadogo," Marcella alisema.

"Utaleta kwa maandishi, Madam. Asante sana."

Akainama, akachukua gongo lake, akatoka.

Walijadiliana kwa muda mfupi, na sikuona uovu wowote mezani. Mmoja alisema wanawake hawa ni mfano kwa wanaume wanaolalamika kila siku. Mwingine akasema ukimpa mtu kitu ambacho hajaomba, unamharibu. Ndipo Kithinji akauliza kama wakili, "Na mmoja wao akiumia, nani atajibu?"

"Miaka tisa hakuna aliyeumia," Profesa akasema. "Angetuambia."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa namjua Wambura kwa jina, najua meno ni yapi, najua hata damu iliyobaki kwenye leso yangu niliyomfunga nayo mdomoni. Lakini karani haongei kamatini. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Nimelijua tu kwa miaka kumi na minne, kama Marcella anavyojua kushukuru, na nilipokuwa bado natafuta pa kuanzia, Profesa alinigeukia akaniuliza kama nimeandika hilo. Nikajibu nimeandika. Na kweli niliandika: hakuna majeruhi walioripotiwa.

Uamuzi wenyewe niliuchapa alasiri hiyo. Kamati inampongeza Bi Marcella na itampa cheti. Kwa kuwa wanawake wanajipanga vizuri wenyewe, haja ya timu rasmi haijaonekana kwa sasa. Na kwa kuwa kundi lisilotambuliwa halina bima, lisiutumie uwanja wa chuo tena, asije mtu akaumia. Niliusoma mara nne nikitafuta kosa la kunipa sababu ya kuurudisha. Haukuwa na kosa.

Nilimpelekea Marcella barua stoo. Aliisoma amesimama, kidole kikifuata mistari.

"Lakini nilikuwa nafika," alisema. "Nilikuwa karibu kufika kwa meno."

Nilimfokea. Nilimwambia amewauza wasichana kwa adabu zake, kwamba nilimwambia aingie kama ng'ombe. Halafu nikamwambia nami nilikuwa ndani na nikanyamaza, na tukakaa kwenye mabunda ya nyavu bila kuangaliana.

Asubuhi tulienda uwanjani pamoja. Wote ishirini na wawili walikuwa wamefika, wengine wakirukaruka kufukuza baridi. Marcella aliwasomea barua yote, hata sehemu ya cheti. Kaari aliuliza kama kuna mahali pa kukata rufaa. Nikasema labda mwakani, na akanitazama kwa macho ya mtu anayemaliza masomo mwaka huu. Alivua kinga zake za miguu, akaziweka chini taratibu, akaondoka kuelekea bwenini. Wengine wakaanza kurundika magongo yao hapo hapo.

Wambura alitusogelea.

"Madam, uliwaambia kuhusu meno yangu?" aliuliza, kiganja mdomoni.

"Sikufika hapo, mwanangu. Nilianza na kushukuru. Wakaniuliza kama tunaendelea vizuri, nikasema tuko sawa."

Nilingoja amlaumu. Niliomba amlaumu, kwa sababu mtu mmoja kati yetu alipaswa kuwa na mdomo.

"Si kitu, Madam," Wambura alisema. "Hata mimi wangeniuliza ningesema hivyo. Usijali, tuko sawa."

Akampa mkono kwa heshima, akiinama kidogo kama Marcella alivyowafundisha, akamshukuru kwa yote, akaenda zake. Hapo ndipo Marcella alipokaa kwenye nyasi zilizolowa umande na kulia kwa sauti, na wasichana waliokuwa bado karibu walidhani analilia timu.