Nani Anamaliza Betri ya Metrine?

Metrine ni jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Walukuba, na nampenda, lakini mwanamke huyo anaweza kumshuku hata padri anayemgawia komunyo. Alitoka Bungoma akiwa msichana, akaolewa Jinja, akafiwa na mume, akabaki na watoto na gari dogo la mizigo. Humo hubeba mukene, yaani dagaa wetu wa ziwani, kuwapeleka soko la Mbale. Gari hilo ndilo ugali wao, ndilo ada ya shule, ndiyo maana analilinda kama yai.

Fundi haachiwi gari peke yake. Hilo si la Metrine tu, wengi wetu tunafanya hivyo: unapeleka gari, unavuta kigoda, unakaa karibu na boneti mpaka jioni, maana ukienda kunywa chai unaweza kurudi ukute kifaa chako kizuri kimehamia gari la mtu mwingine. Metrine aliongeza mbwembwe zake. Alipaka rangi ya kucha kwenye betri iwe alama yake, akapaka na kwenye alternata, ile mashine inayoichaji betri. Tena akiliacha gari mahali, akirudi huliwasha, hufungua boneti, kisha huchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Injini isipozima, anatabasamu: alternata yake ni ileile, na ni nzima. Dereva mmoja wa lori kutoka Kenya ndiye aliyemfundisha, na tangu hapo aliionja alternata kama mtu anavyoonja mchuzi.

Basi betri ikaanza kulala, yaani kuishiwa umeme, kule Mbale. Akiwa kule hulala Nkoma, kwa Hajati Mariat, kwenye ua wenye geti na mlinzi. Mlinzi alikuwa mzee Wanyera, askari jela mstaafu ambaye wote walimwita Afande, aliyeishi na mkewe katika chumba kidogo cha getini. Asubuhi Metrine akizungusha ufunguo, gari linasema tik, kisha kimya. Alinunua betri mpya, nayo ikalala. Ajabu ni kwamba hapa Jinja gari halikuwahi kugoma hata asubuhi moja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia, midomo ameibana. "Mbona hapa linawaka na kule haliwaki? Kule kuna nini ambacho hapa hakuna? Kuna Afande."

"Afande aifanyie nini betri yako?"

"Redio yake. Hainyamazi usiku kucha; umeme anautoa wapi?"

Akaanza upelelezi. Alifunga uzi kwenye mlango wa gari. Asubuhi uzi ulikuwa palepale, akasema mzee ni mjanja, ameurudisha. Alinusa kiti cha dereva akitafuta harufu ya tumbaku, ndani ya gari linalonuka mukene mpaka paka wanalifuata! Mwishowe alisimama mbele ya Hajati na wapangaji wote, akasema aliyoyasema.

Mzee alivua kofia. "Mimi nalinda watu jela mpaka nazeeka," alisema. "Hakuna mtu naita mimi mwizi. Redio hii ni ya sola, mama. Gari yako mimi hapana gusa."

"Sola ya usiku?" Metrine akamjibu.

Wapangaji walicheka. Aliponisimulia kicheko hicho alikuwa anajivuna nacho, na mimi moyo uliniuma.

Hajati hakutaka maneno kwenye ua wake. Afande na mkewe wakafunga virago. Akaletwa mlinzi mwingine, na safari iliyofuata betri ikalala vilevile.

"Wamerithishana," Metrine akasema.

Hapo nilikasirika kweli. Nilimshika mkono nikamfikisha, yeye na gari lake, kwa Wahab, fundi wa umeme wa magari kule Mafubira, tukamweleza ya Mbale. Metrine akavuta kigoda.

Wahab alizima kila kitu, akachomoa waya mmoja wa betri, akaweka taa yake ndogo ya kupimia kati ya waya na betri. Taa ikawaka. "Kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limezimwa," alisema. Akatoa fyuzi moja moja, taa isibadilike. Alipofungua waya mnene wa alternata, ikazima. "Ni humu. Daiodi zake, zile zinazozuia umeme usirudi nyuma, zimekufa; umeme wa betri unavuja kurudi ndani ya alternata usiku kucha. Nani huchomoa waya wa betri injini ikiunguruma?"

"Mimi," Metrine alisema. "Nahakikisha tu."

"Basi tabia hiyo ndiyo inayoziua. Na hapa Jinja linagoma pia?"

"Hapa halijawahi."

Wahab alikunja uso. "Kwani usiku betri inalala wapi?"

Metrine alinitazama, kisha akatazama chini. "Chini ya kitanda changu."

Hapa Walukuba Metrine hamwamini mtu, kwa hiyo kila jioni huifungua betri na kuiingiza ndani, na ikishafunguliwa haivuji. Mahali pekee alipothubutu kuiacha ndani ya gari ni Nkoma, kwa sababu kule kulikuwa na Afande.

Tulikwenda Mbale pamoja. Mzee tulimkuta analinda kinu cha mahindi, analala barazani juu ya magunia, mkewe amerudi kijijini. Metrine alipiga magoti kama wanawake wa huku, akaeleza yote huku analia. Hajati amekubali, akamwambia, chumba kipo, arudi na mama watoto.

Afande alimsikiliza mpaka mwisho. "Mimi nasamehe wewe, mama," alisema. "Lakini sema ukweli. Mimi narudi, halafu siku moja gari inakataa tena. Wewe unaangalia nani kwanza?"

Metrine alijikuta anamtazama yeye. Mzee akamshika mkono, akamwinua taratibu, kisha akarudi kukaa kwenye magunia yake.