Magharibi Iliyoingia Alasiri

Mwezi wa Ramadhani ulinikuta nikiwa fundi wa kompyuta katika redio moja ndogo ya mjini Morogoro. Programu niliyoitunza ndiyo iliyopanga kila kinachokwenda hewani: nyimbo, matangazo, adhana. Wenye lugha ya kompyuta iliyotumika kuiandika programu ile walikuwa wametoa kiwango kipya cha kanuni zake, na maktaba yetu sanifu, yaani ule mkusanyiko wa maelekezo tayari ambayo programu huazima ili kusoma saa au kupanga majina, ilikuwa ya zamani mno. Nikamwambia meneja ni lazima tusasishe maktaba.

"Kumbe tuna maktaba?" akauliza. "Mbona sijaona hata kitabu?"

Kazi niliifanya mchana. Programu ikagoma, nikarekebisha, ikagoma tena, hatimaye ikakubali na muziki ukaendelea. Nikajinyoosha kwenye kiti, nimeridhika.

Saa tisa na nusu alasiri, mtangazaji akiwa katikati ya mahojiano na daktari wa mifugo kuhusu mbuzi wanaoharisha, adhana ya Magharibi ikawakatisha. Nje jua linawaka, mabati yanalia kwa joto. Daktari akachungulia dirishani, akatazama saa yake, akasema taratibu, "Nadhani bado."

Chanzo nilikiona upesi. Maktaba ya zamani ilitupa saa za Greenwich, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, na fundi aliyenitangulia alikuwa ameandika mstari wa kuziongeza. Maktaba mpya, kwa kufuata kiwango, ilikuwa inaziongeza yenyewe. Zikaongezwa mara mbili. Nikaufuta mstari ule, mtangazaji akaomba radhi hewani, na watu wa mjini wakacheka tu. Nani angefuturu huku jua linamchoma utosi?

Simu yangu ikaita. Alikuwa bibi, anayeishi juu kabisa milimani Uluguru, ambako ukungu ulikuwa umetanda tangu asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Eti redio yenu inasema bado?"

"Bado, bibi. Ilikosea."

"Uji nimeshakunywa."

"Wote?"

"Na magimbi."

Nikaanza kumweleza habari za kiwango kipya na maktaba. Akanisikiliza kwa subira hadi nikaishiwa maneno.

"Hayo utamweleza shehe," akasema. "Mimi siku hii nitailipa. Na wewe utakuja tuilipe wote."

Baada ya Idi nikapanda mlimani, tukafunga. Jioni nikanyoosha mkono kwenye sahani ya tende, akanipiga kofi mkononi. "Fundi, tulia."

Tukakaa jikoni tukitazamana, mpaka sauti ya muadhini ikapanda kutoka bondeni. Hata hapo bibi hakugusa kitu. Alinituma kwanza kwa jirani nikaulize kama naye ameisikia.