Kurasa Zilizosogea

Mtaani walimwita Mama Kadi. Wengi walisahau kwamba aliwahi kuwa mwalimu, na kwamba marehemu mumewe alikuwa mchungaji. Walichojua ni kwamba sebuleni kwake hapana pa kukalia. Maboksi ya viatu thelathini na moja yalipangwa juu ya makochi, na ndani yake mlikuwa na kadi elfu sita zilizoandikwa kwa mkono. Dada yake mkubwa, aliyeishi naye, aliwapokea wageni kwa utani uleule: "Karibuni, ila viatu vimekwisha. Yamebaki makaratasi."

Kadi hizo zilikuwa faharasa ya kitabu kimoja, kamusi kubwa ya historia na theolojia ya Ukristo, kurasa mia saba, iliyoandikwa na wataalamu ishirini na wanane kwa miaka kumi na tisa. Haikufuata alfabeti, ilikwenda karne kwa karne, tangu mitume hadi leo. Aliyetaka kujua Kanisa limefundisha nini juu ya toba angezunguka humo kama kipofu sokoni, asipopata wa kumshika mkono. Mama Kadi ndiye aliyeandaa mkono huo. Kila mada ilikuwa na kadi yake, na kila kadi namba zake za kurasa. Toba: 41, 198, 377, 520.

Jumatatu asubuhi mhariri wa kiwanda cha uchapaji alimletea nakala ya mwisho. Mama Kadi alichomoa kadi moja ili aijaribu. Watawa wa jangwani, ukurasa wa 112. Akaufungua. Akakuta ugomvi wa maaskofu juu ya tarehe ya Pasaka. Akachomoa nyingine. Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu, 138. Akakuta picha ya profesa mzee akitabasamu.

"Mwanangu, huyu anafanya nini hapa?"

"Ni kumbukumbu, mama. Bodi ya kamusi iliona kila mwandishi aliyefariki awekewe kumbukumbu mbele ya makala yake. Wamefika kumi na mmoja."

"Kila mmoja kurasa ngapi?"

"Inategemea. Wengine moja, wengine nne. Halafu makala nyingine tukazipunguza kidogo, ili..."

Hakumaliza. Macho yake yalipita kwenye maboksi, moja baada ya jingine, na uso ukamshuka. Marehemu walikuwa wamepewa heshima yao, na katika kuwapisha, kila ukurasa ulisogea kwa kipimo chake. Hapa kurasa mbili, pale saba, kule mwisho thelathini na moja. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aliye hai.

"Mashine inaanza lini?"

"Ijumaa saa sita mchana. Imeshapangwa, mama. Ikifika hapo faharasa haipo, kitabu kitatoka bila faharasa."

"Kitatoka bila mlango."

"Labda kompyuta..."

"Kompyuta itakutafutia neno 'neema', ikupe mara elfu mbili. Haijui wapi neema imeelezwa na wapi imetajwa njiani. Niachie hiyo nakala. Nenda."

Alipoondoka, dada mtu alifunga kanga kiunoni. "Haya, mdogo wangu. Nisome nini?"

Wakaanza. Mama Kadi alitaja mada na namba ya zamani, dada akapekua mbele mpaka aipate, akatamka mpya, Mama Kadi akakata na kuandika. Chai ilipoa mezani. Vidole vya dada vilikauka kwa karatasi, akawa anavilowesha kwenye kibakuli cha maji. "Hawa wazushi wa karne ya nne," alinung'unika, "kama wangenyamaza tu, leo tungekuwa tumelala."

Jumatano adhuhuri Mama Kadi alihesabu. Kadi mia nne na kumi. Bado walikuwa kwenye herufi B.

Aliweka kalamu chini. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Dada, hatufiki."

"Hatufiki," dada alikubali. Hakuwa mtu wa kudanganya.

Mama Kadi alitazama maboksi. Zamani, akiwa mke kijana wa mchungaji, mumewe akiwa safarini, mama mmoja alimjia amebeba kichanga kilichokufa kabla ya ubatizo. Aliuliza jambo moja: mwanangu yuko wapi? Nyumbani mlikuwa na kitabu kikubwa cha theolojia kisicho na faharasa. Alikipekua siku mbili. Mtoto akazikwa, mama akaenda zake bila neno. Jibu alilipata juma lililofuata, katikati ya sura iliyohusu mambo mengine kabisa.

Akainuka, akaanza kuchomoa kadi kutoka maboksi yote, bila kujali herufi. Kifo. Kufiwa. Kujiua. Ndoa iliyovunjika. Talaka. Toba. Wafungwa. Watoto waliokufa kabla ya ubatizo. Kati ya zile mia nne na kumi zilizokwisha kusahihishwa, alibakiza arobaini; nyingine alizozichomoa ndizo zilizosubiri namba mpya.

"Unawaacha maaskofu?" dada aliuliza.

"Msomi anayewatafuta maaskofu ana vitabu vingine. Mhubiri aliyegongewa mlango na mfiwa hana."

Ijumaa saa nne asubuhi mhariri alikuta boksi moja tu likimngoja. Alipitisha kidole juu ya kadi.

"Mama, mtu atatafuta Nikea hapa, asiione. Atasema nini?"

"Atasema aliyeitunga hii alikuwa mjinga. Mwache aseme."

"Bodi haitakubali iitwe faharasa."

"Iiteni mpendavyo."

"Na jina lako? Hawatataka liwe kwenye kazi pungufu."

Mama Kadi alilifunika boksi. Kumbe hilo nalo lilikuwa na uchungu wake. "Liondoeni," alisema. "Kadi ziingie."

Saa saba na nusu simu ililia. Alisikiliza, akashukuru, akabaki na simu mkononi.

"Wamezitia?" dada aliuliza.

"Kurasa tano."

Faharasa aliyokuwa ameikusudia ilikuwa ya kurasa sitini na nne. Dada alifungua mdomo atie utani, utani haukuja. Akavuta kiti, akafunua nakala, akalowesha kidole.

"Nitajie inayofuata."

"Ya nini sasa? Toleo la pili tutaliona, sisi?"

"Sijui. Nitajie tu."

Mama Kadi alichukua kadi. Mwandiko ulikuwa wake, wa zamani, wima na wenye nguvu, wa mwanamke aliyedhani ana muda. Alijaribu kuitamka ile mada. Midomo ilisogea, sauti ikakataa, na dada aliendelea kusubiri, kidole kikimkauka juu ya karatasi.