Minyoo ya bwana yangu imepigwa sindano

Leo mama mukwe ametuvunja mbavu kwa dokta wa meno. Niko nacheka mpaka sasa.

Bwana yangu anasaga meno akilala. Jirani wote wa mutaa wetu wa Mulongwe banajua, musiniulize namna gani.

Mama yake alisema ni minyoo. Tukamupa dawa ya minyoo mara tatu.
Akasema basi ni pepo. Bamama ba shirika ya kanisa bakakuja kumuombea.
Meno ikaendelea kusagana.

Leo tukaenda kwa dokta. Mama mukwe akatufuata, eti kuchunga mutoto wake. Ule mutoto iko na miaka makumi ine na mbili.

Dokta akagusa mataya yake, akasema misuli inakaza sana. Atapiga sindano ya Botox huku na huku, misuli ilegee, meno ipumuzike.

"Hiyo dawa inatoka mu nini?" mama mukwe akauliza.

Dokta hajui kudanganya. Akasema inatoka mu sumu, lakini banaweka kidogo sana.

Sumu? Mama akasimama, akashika mutoto wake mukono. "Twende kwetu."

"Mama, usiogope," dokta akasema. "Ni ileile bamama ba mu televizyo banapiga ku paji la uso, makunyanzi inapotea."

Mama akakaa tena, pole pole. Akapitisha kidole ku paji lake.

"Dokta," akasema, "hata miye nikilala ninasaga meno."

Dokta akaniangalia. Ingekuwa nyinyi, mungejibu nini?

Mama mukwe amebaki na meno tatu, na yote iko juu.